Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Machi 11, Jumatano. Siku ya 15

Daktari wa mifupa ameniambia niandike. Kila dozi, kila choo, kila homa. Alisema nisitegemee kichwa, kwa sababu kichwa cha mama aliyekosa usingizi ni chujio. Kwa hiyo nimechukua daftari langu la vipimo vya sare, nimeligeuza juu chini, nimeanzia nyuma. Kule mbele ni viuno na mabega ya watoto wa shule. Huku nyuma ni wa kwangu.

Tumetoka hospitali leo saa tano asubuhi, baada ya wiki mbili. Usaha uliingia kwenye mfupa wa muundi, mguu wa kushoto. Nani angedhani? Aliteleza kwenye ngazi, akachubuka, nikamfuta, tukasahau. Wiki mbili za dawa ya mshipa zimekwisha, zimebaki nne za dawa ya maji, mara tatu kwa siku. Jumla siku arobaini na mbili. Nikikatiza njiani usaha unaweza kurudi, na daktari hakunificha: mfupa wa mtoto ukiharibika pale unapokulia, mguu mmoja unaendelea na safari, mwenzake unabaki nyuma. Binti yangu ana miaka minne.

Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Wodini alinyamaza. Leo njia nzima amesema neno moja tu, "mvua."

Kweli imeanza.

Machi 12, Alhamisi

Dozi tatu. Choo kimoja, kigumu. Anachechemea. Mvua.

Machi 15, Jumapili. Siku ya 19

Baba yake amepiga, ameuliza mguu kwanza. Yeye ni mchomeleaji, aliondoka wiki moja kabla mtoto hajaugua, kwenda kushona vyuma vya daraja lililobebwa na mto. Sasa mto umejaa, barabara ya upande huu imekatika, na yeye yuko ng'ambo. Huko mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu. Wanaume wanapanga foleni chini yake kila Jumapili, na anayesimama juu anasikiwa na wote.

Ndiyo maana tuna lugha yetu. Hawezi kuniambia amenikumbuka mbele ya wachomeleaji kumi na wawili, wangemtania mpaka Jumapili nyingine. Kwa hiyo anauliza, "Mtindi umeganda?" Nami najibu, "Umeganda." Akisema "mzito?" najua hamu imefika pabaya.

Siyo kwamba mtindi haupo. Upo, tena wenyewe hasa. Mama mkwe alituachia mbegu yake. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, unatia vijiko viwili vya mtindi wa jana, ndiyo hiyo mbegu, unafunika chupa, unaifunga kwa kitu cha joto. Asubuhi umeganda, na humo unatoa mbegu ya kesho. Mama mkwe hakuwahi kuacha mbegu ife, hata mwaka aliouguza mume wake. Alipofariki, miaka miwili sasa, chupa ikaja kwetu. Wifi yangu aliitaka. Hakusema, lakini alichosema juu ya mambo mengine tangu siku hiyo kinatosha.

Mimi chupa naifunga kwa sweta la mume wangu, lile la kijivu lenye matundu ya cheche. Harufu ya chuma bado imo. Saa nyingine naifungua kabla ya wakati, nasingizia kuangalia mtindi.

Leo ameuliza, "Mzito?"

Nimemwambia mzito kabisa.

Machi 17, Jumanne. Siku ya 21

Vyoo sita, maji matupu. Tumbo linamsokota mpaka anajikunja kama jongoo. Hali kitu.

Machi 18, Jumatano. Siku ya 22

Naandika yote, hata la aibu.

Usiku vyoo vinne, asubuhi vitatu. Jirani alikuja kuazima mkasi, akamwona, akasema dawa ndiyo inayomharibu tumbo, niiache siku mbili tatu mtoto apumue. Alisema kwa huruma, siyo kwa ubaya. Ilipofika saa nane nilivuta dawa kwenye kibomba, Chiriku akaniangalia. Hakulia. Angelia ningempa, nimeshazoea kilio chake. Aliniangalia tu, kama mtu mzima anayeuliza mpaka lini, na mimi nikarudisha dawa kwenye chupa.

Saa nane na nusu nikakumbuka mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikampa. Akatema robo. Nikamfunga mgongoni, nikachukua mwavuli, nikaenda duka la dawa.

Mfamasia ni dada mwenye miwani, mpole, anaongea taratibu. Alimfinya ngozi ya tumbo, akamtazama macho na ulimi, akauliza kama nimeona damu. Hapana. Akasema hiyo ni antibayotiki, inaua wabaya wa mfupani lakini na wale wazuri wanaokaa tumboni inawapitia. Dawa nisiiache hata dozi moja. Mfupa ni nyumba ya kuta nene, dawa inaingia polepole, nikitoka nusu njia nimefanya kazi bure. Akanipa pakiti za chumvi na sukari za kukoroga na maji, akasema hizo ndizo zitakazomzuia asikauke. Kuna na unga wa vijidudu rafiki, probayotiki, lakini umekwisha na gari la mzigo limekwama ng'ambo. Kila kitu changu kimekwama ng'ambo. Akauliza, una mtindi nyumbani? Usiopikwa, wa kugandisha mwenyewe kwa usafi? Karibu nimkumbatie.

Wakati huo mvua ilipiga bati kama mtu anamwaga kokoto. Chiriku analia mgongoni. Mfamasia anasogeza mdomo. Nilichosikia ni hiki: "Mpe mtindi pamoja na dawa."

Machi 19, Alhamisi. Siku ya 23

Nimempata! Nimemimina dawa kwenye kikombe cha mtindi, nikakoroga, kaunywa bila kununa. Uchungu hausikiki. Alibakiza kidogo kila mara, nikarudisha kwenye chupa, kwetu hatukulelewa kumwaga chakula. Vyoo vitano, lakini kuna mwanga.

Mchana wifi kaja na mwavuli uliovunjika ubavu. Yeye ni msusi, na mikono yake inaposimama ulimi unashika zamu. Alileta ndizi. Kabla hajaketi kaona chupa kwenye sweta, akasema mtindi wa mama unavalishwa nguo za kiume siku hizi, mama angecheka. Mimi sikucheka. Akaonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akasema mkono wangu mzito, "siku moja utauua huu." Nikamwambia asante kwa ndizi.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Ndiyo maana wa wifi hauugui.

Machi 20, Ijumaa. Siku ya 24

Maziwa hayakuganda. Nimefungua sweta asubuhi, maji meupe, yanacheza. Muuza maziwa nimemkuta mlangoni nikamwuliza kama siku hizi anachanganya na maji ya mvua. Ameapa kwa watoto wake wote, na anao wengi.

Nimempa dawa kwenye mtindi wa juzi uliobaki. Jioni nimetia tena, vijiko viwili vya mwisho.

Machi 21, Jumamosi. Siku ya 25

Haukuganda. Umenuka.

Nimekaa chini na chupa mapajani. Mbegu ya miaka mingi kuliko umri wangu, imefia kwangu, juu ya mwanangu anayeharisha, na mwenye mbegu yuko ng'ambo anauliza kila Jumapili. Na nani alitia kidole humo? Nani alisema nitauua? Nilichukua simu nikamtumia wifi maneno ya sauti. Dakika mbili nzima. Sitayaandika hapa. Niliishia na "umefurahi sasa."

Dawa nimempa kavu, bila mtindi, kwa kibomba. Katema nusu. Vyoo saba.

Machi 22, Jumapili. Siku ya 26

"Mtindi umeganda?"

"Umeganda."

"Mzito?"

"Kama jiwe lako hilo."

Akacheka. Nyuma yake wakacheka na wengine. Nimekata simu kabla sauti haijanisaliti. Nilidhani nimedanganya juu ya maziwa. Jioni nimegundua nimemdanganya juu yetu pia, maana ameshuka jiweni akidhani tuko salama.

Machi 23, Jumatatu. Siku ya 27

Macho yamezama. Sikusubiri mvua ikate.

Mfamasia alimwona, akatupeleka mwenyewe zahanati ya jirani. Walimpima, wakamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, saa tatu nzima, mimi nikihesabu vijiko kwa sauti mpaka akaanza kuhesabu na mimi. Alipofika thelathini na nane akasema, "Mama, umeruka moja." Nililia hapo hapo. Alikuwa amerudi.

Ndipo mfamasia akauliza, na mtindi je? Nikamweleza yote: mtindi umekufa, wifi yangu ana kidole kibaya, muuza maziwa anaapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, dawa nilikuwa nampaje?

"Pamoja na mtindi. Kama ulivyosema. Nakoroga."

"Na unaobaki?"

"Narudisha kwenye chupa."

Alivua miwani. Hakucheka, Mungu ambariki. Alisema, "Dada, uliua wewe. Siyo wewe, dawa. Dawa haina macho, haijui huyu wa mfupani na huyu wa kwenye maziwa. Yeyote inayemkuta inamlaza."

Mtindi ni kitu hai. Ndiyo maana unaganda, kuna walio hai wanaofanya kazi humo wakati sisi tumelala. Mimi nikawamiminia dawa, nikawakoroga, nikawarudisha kwa wenzao. Aliposema pamoja na dawa alimaanisha katika siku hizi za dawa. Alikuwa ameniambia pia nipishanishe saa mbili au tatu, dawa kwanza, mtindi baadaye, na nisiupashe moto. Hayo mvua iliyala. Na akasema ukweli mwingine, kwamba mtindi siyo mwujiza. Watoto wengine unawasaidia sana, wengine huoni tofauti, lakini huu niliokuwa nampa ulikuwa maiti.

Kuna baya zaidi. Siku zile mbili, kile alichobakiza kikombeni kilikuwa dozi. Mfupa ulipewa nusu chakula. Tumempigia daktari. Akasema tumlete kesho.

Machi 24, Jumanne

Mguu haujavimba, homa hakuna. Daktari ameongeza siku nne, hataki kubahatisha. Arobaini na mbili zimekuwa arobaini na sita. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, lakini kikaango hakijatoboka.

Machi 25, Jumatano. Siku ya 29

Nimekwenda kwa wifi.

Ningeweza kutafuta mtindi mwingine kwa mtu mwingine. Nilifikiri hivyo njia nzima. Lakini maneno yale ya sauti yalikuwa yangu, na mtu mmoja tu angeweza kuyapokea yakirudi.

Chumba chake cha ususi kiko juu ya ngazi za fundi viatu. Kioo kimoja kirefu, benchi, chanuo kwenye kopo la maji, nywele za bandia zimening'inia ukutani kama mikia ya farasi. Alikuwa na kichwa cha mteja katikati ya magoti, wengine wawili wanasubiri. Hakuinuka. Alisema, "Karibu wifi. Tulikuwa tunakusikiliza," akabonyeza simu, na sauti yangu ikajaa chumba. Dakika mbili. Mteja aliyekuwa magotini alijaribu kugeuka aone uso wangu, wifi akamrudisha kichwa kwa chanuo.

Ilipofika "umefurahi sasa" nikasema, mbele yao wote, kwamba kila neno pale ni langu na kila neno ni uongo. Nikaeleza kikombe, dawa, chupa. Nikasema nimeua mbegu ya mama yake kwa mkono wangu, na nikamsingizia yeye kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujiangalia. Nikasema Chiriku amepungua mpaka sketi inamvuka.

Mmoja wa wanaosubiri akasema, "Kwa hiyo kidole cha wifi ni kisafi," na mwingine akamjibu, "Kidole ndiyo, mdomo bado." Hata wifi alibana midomo isicheke.

Alimaliza msuko aliokuwa ameushika, hakuuacha nusu. Kisha akanivuta nyuma ya pazia, kwenye jiko la mafuta na ndoo. Akatoa chupa chini ya meza. Chupa ya mafuta ya nywele, picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu imekwanguliwa nusu. Ndani, mtindi. Umeganda wima.

Sikuelewa mpaka aliponiambia niunuse. Ulikuwa wenyewe.

"Niliiba," alisema. "Siku tunagawana vyombo. Kijiko kimoja, nikakitia kwenye chupa hii, niliichemsha mara tatu na bado wa kwanza ulinuka mafuta ya nazi. Kaka angenipa kama ningeomba. Sikutaka kuomba kitu cha mama yangu."

Miaka miwili ameugandisha huku nyuma ya pazia, peke yake, hana hata mtoto wa kumnywesha. Anasema kila asubuhi analamba kijiko kimoja kabla hajafungua mlango, na anamsikia mama yake anamgombeza kwa kulamba kijiko cha mbegu. Siku ile alipoonja wa kwangu na kukunja uso, haukuwa uchungu wa mkono wangu. Ilikuwa ladha ya dawa. Alidhani nimeanza kuuchanganya wa mama na wa dukani, na alikuwa amekuja na ndizi tayari kuniambia siri yake. Akaondoka nayo.

Tulisimama pale wawili tukiikodolea macho chupa ya mafuta ya nywele. Aliniwekea vijiko vinne, siyo viwili. "Viwili vya mtoto wa kaka yangu," alisema, "viwili vya ujinga wako, ukirudia."

Machi 26, Alhamisi. Siku ya 30

Umeganda. Nimeweka kijiko juu yake kikasimama.

Dawa saa moja asubuhi. Mtindi saa nne. Dawa saa nane. Mtindi saa kumi na moja. Dawa saa tatu usiku. Mbegu nimetoa kwanza, kabla kikombe chochote hakijagusa chupa. Dawa kapewa kavu, kalia, kanywa yote, kapewa sifa.

Machi 28, Jumamosi

Vyoo vitatu. Viwili kama uji. Sijui ni mtindi, ni maji ya chumvi na sukari, ni siku zenyewe. Sigombani na anayenisaidia.

Machi 29, Jumapili. Siku ya 33

Wifi alikuwepo, anamsuka Chiriku, na Chiriku anamweleza maisha ya wodini bila kuvuta pumzi. Simu ikalia.

"Mtindi umeganda?"

Nilitoka mlangoni, chini ya bati. Nikamwambia, "Wetu ulikufa, baba Chiriku. Niliua mimi, nikakudanganya Jumapili. Huu ulioganda ni wa dada yako, na wa dada yako ni wa mama." Nikamweleza kwa mkato, dawa, kikombe, siku nne za nyongeza. Nyuma yake mtu akasema amalize, na wao wana wake wa kupigia simu.

Nikasema, "Sisemi tena kwa mtindi. Nimechoka. Nakukumbuka mpaka mikono inauma."

Nilisikia buti zake zikikwaruza jiwe.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayepiga kelele juu ya mashine, "Na mimi nimekukumbuka." Wenzake wakapiga miluzi, mmoja akapiga chuma. Hakukata simu. Alirudia.

Niliporudi ndani wifi hakuinua macho kwenye kichwa cha mtoto. Aliniuliza tu kama mvua imeniingia machoni.

Aprili 2, Alhamisi

Choo kimoja. Kigumu. Sikuwahi kufikiri nitaandika hivyo na kutabasamu.

Aprili 6, Jumatatu

Jua nusu siku. Nimeshona sare sita. Chiriku kaniuliza kama vijidudu rafiki vina majina. Nikasema havina. Kavipa yeye, vyote.

Aprili 11, Jumamosi. Siku ya 46

Dozi ya mwisho ilikuwa ya mchana. Daktari alimwona jana, akapima miguu yote miwili kwa utepe, mimi fundi nikasoma namba kabla yake. Sawasawa. Nimeiandika kule mbele ya daftari, kwenye viuno na mabega, ukurasa wake mwenyewe.

Mtindi anaendelea nao wiki chache, nimeambiwa tumbo halirudi siku moja. Asubuhi nimegandisha wa jioni, nikaufunga kwa sweta, nikauweka kwenye kona yake.

Saa kumi, mvua ya mwisho mwisho, mlango umesukumwa. Amesimama amelowa mpaka mifukoni, amekonda, ndevu kama fagio. Wamefunga vyuma vya kwanza, watembea kwa miguu wanapita. Amepewa siku mbili, Jumatatu alfajiri arudi. Chiriku alimrukia kwa miguu yote miwili, nami niliangalia miguu kabla ya uso wa mume wangu, Mungu anisamehe. Kisha nikaangalia uso, muda mrefu.

Alikuwa anatetemeka. Akatazama huku na huku, akauliza sweta lake la kijivu liko wapi.

Chiriku akamjibu limevaliwa.

Akaliona kwenye kona, limekumbatia chupa, mikono imefungwa fundo mbele. Akanyoosha mkono, nikaudaka. Nikamwambia bado saa moja, ukiutikisa sasa unakatika. Atulie.

Ametulia. Nimemfunika kwa kanga yangu na naandika huku ameketi sakafuni kando ya chupa, mtoto mapajani, anasubiri ugande. Siku mbili, na moja inakaribia kwisha. Sijamwuliza kitu. Yeye ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ndogo, kana kwamba wale kumi na wawili bado wako chini ya jiwe.

"Mzito?"